Chombo cha Maji ya Bahari: Kipi Kinafaa, Kipi Kinaua

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Methali hii nimeisikia tangu darasa la tano, na kila mara tulifundishwa kwamba inasema juu ya watu: aliyezoea jambo halimtoki. Leo, kwa idhini ya mhariri, naomba niichukue jinsi ilivyo, bila mafumbo. Chombo ni chombo na samaki ni samaki. Swali langu ni moja tu: ukitaka kuweka maji ya bahari kwa ajili ya samaki walio hai, utayaweka ndani ya chombo gani?

Msomaji mpenzi, huenda ukacheka. Ati mtu wa Mombasa, aliyezungukwa na bahari pande zote, ana haja gani ya kuweka akiba ya maji ya chumvi?

Haja ipo. Chama cha Sayansi cha shule yetu kina hodhi la kioo lenye kuchukua lita 120. Humo ndani wamo samaki wawili wenye mistari ya rangi ya machungwa na nyeupe, kamba watatu, konokono wa baharini kadhaa, na kaa mmoja mdogo ambaye hubeba kombe mgongoni na kuhama akiona limembana. (Mimi ni mwanachama wa vyama vyote viwili, cha Sayansi na cha Kiswahili, ndiyo sababu nimesukumiwa kazi hii.) Viumbe hao hula, na wakila huchafua. Uchafu wao hugeuka amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria huigeuza amonia hiyo kuwa naitraiti, kisha naitreti, lakini naitreti nayo huzidi kurundikana. Kwa hivyo kila baada ya wiki mbili twatoa lita 24, yaani sehemu moja kwa tano, na kutia maji mapya.

Sasa hayo mapya si ya kuchota popote wala siku yoyote. Maji ya karibu na bandari na ya ile mikono ya bahari inayokizunguka kisiwa huwa na mafuta na maji machafu ya mjini. Wakati wa masika, Aprili na Mei, mvua huteremsha udongo na maji baridi mpaka ufuoni, na chumvi hupungua. Basi huchotwa upande wa bahari kuu, maji yakiwa yanajaa, siku ambayo hakukunyesha, na kuwekwa akiba. Mvua ikikataa kukatika, tunachanganya wenyewe: maji matamu pamoja na chumvi maalum ya kufugia samaki wa baharini. Kwa njia zote mbili maji yatalala chomboni siku nyingi kabla ya kuingia hodhini. Na maji yanayolala hunywa tabia ya mwenyeji wake.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Baharini, ukitupa msumari wenye kutu, hakuna samaki atakayejua. Maji ni mengi, yanakwenda na kurudi, na uchafu unasambaa mpaka unapotea. Katika hodhi la lita 120 hakuna kwenda wala kurudi. Kilichoingia kimeingia. Maji yakipungua kwa joto, yanayoondoka ni maji matupu, na kile kilichoyeyuka hubaki nyuma kikingojea chenzake cha wiki mbili zijazo.

Nianze na madini, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa na ndipo watu hukosea kwa wingi.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za aina mbalimbali. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni kloridi na karibu thuluthi moja ni sodiamu, kisha huja salfeti, magnesi, kalsiamu na potasiamu. Chumvi hizo zikiyeyuka hupitisha umeme, na madini yoyote yaliyotiwa humo huanza kuliwa. Hebu fanya jaribio hili ambalo halina gharama. Chukua bilauri mbili, moja utie maji ya mfereji na nyingine maji ya bahari. Katika kila moja tumbukiza msumari mpya uliosuguliwa kwa msasa. Baada ya wiki moja tazama, kisha ujiulize kama ungependa kuogelea katika ile ya pili.

Ndoo ya bati, ile ya rangi ya fedha ambayo bibi zetu walichotea maji kisimani, imepakwa zinki juu ya chuma. Kwa maji ya kisima ilikuwa ikidumu miaka mingi. Kwa maji ya bahari, zinki huyeyuka kidogo kidogo mpaka ikaisha, kisha chuma nacho huanza kushika kutu. Zinki iliyoyeyuka haionekani, haina harufu, na kamba hawaivumilii. Debe nalo ni chuma kilichopakwa bati jembamba sana, na ukilikwaruza mara moja tu kutu hupata mlango. Madebe ya zamani, tena, yaliungwa kwa risasi. Sufuria ya alumini hujilinda kwa ngozi nyembamba mno, lakini kloridi huitoboa ngozi hiyo na kuacha vishimo vidogo vidogo vyenye unga mweupe. Hata chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko vizuri vya wageni, hutoka madoa kikilala majini muda mrefu. Karai la fundi wa jua kali sina haja ya kulitaja.

Lakini mkubwa wa maadui ni shaba. Hapa nitakaa kidogo.

Kaa na kamba wana shaba katika damu yao. Sisi damu yetu ina chuma ndiyo maana ni nyekundu, nao yao ina shaba, na ikipata hewa huwa na rangi ya samawati. Mtu angedhani basi wao na shaba ni ndugu. La hasha! Wanahitaji kiasi kidogo sana, na kikizidi huwaua. Wafugaji hutumia dawa ya shaba kuwatibu samaki wenye vimelea vya madoadoa meupe, na kipimo chake ni kama miligramu 0.2 kwa lita. Samaki huvumilia. Kamba, konokono na kaa hawavumilii. Sasa piga hesabu: lita 120 mara miligramu 0.2 ni miligramu 24. Huo ni uzito wa punje moja ya mchele, basi. Shaba ya uzito wa punje ya mchele ikiyeyuka ndani ya hodhi letu, samaki wawili watakuwa wakiogelea peke yao.

Mabaharia waliijua siri hii zamani. Mwaka 1761 jeshi la wanamaji la Uingereza liliipigilia manowari yake iliyoitwa HMS Alarm mabamba ya shaba upande wa chini, ili funza wa mbao wasiitoboe na makombe yasiote. Mpaka leo rangi nyingi zinazopakwa chini ya meli na mashua hutiwa shaba kwa sababu ile ile. Kitu ambacho watu walikichagua makusudi kiwafukuze viumbe wa baharini, wewe wakitia ndani ya nyumba yao!

Utasema hakuna mwenye pipa la shaba. Ni kweli, lakini shaba ina ujanja wa kujificha. Pipa la plastiki zuri kabisa hutobolewa tundu chini na kutiwa mfereji wa rangi ya dhahabu, na mfereji huo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, maadui wawili katika koti moja. Maji yaliyolala ndani ya shingo ya mfereji ndiyo yatakayotoka kwanza. Ukitaka mfereji, nunua wa plastiki, nao unapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Vivyo hivyo tazama mkono wa ndoo. Ndoo nyingi za plastiki zina mkono wa waya. Ukimimina, maji hupita juu ya waya ule na kuteremka na kutu yake mpaka ndani. Sisi tuliutoa waya tukafunga kamba ya nailoni. Tazama pia skrubu za kifuniko, na ile pampu ya kuzungushia maji kama ina chuma kilicho wazi.

Basi yabaki nini? Kioo ni kizuri kuliko vyote kwa usafi. Hakitoi kitu, hakinywi kitu, na kikioshwa kimeoshwa. Ubaya wake ni uzito na kuvunjika. Chupa kubwa ya kioo yafaa kwa lita tano, si kwa 50.

Vyungu na mitungi ya udongo wa kuchoma ina vitundu visivyoonekana. Maji hupenya na kutoka jasho, na ndiyo maana mtungi hupoza maji ya kunywa. Lakini maji ya chumvi yakipenya huacha chumvi ndani ya ukuta wa chombo, nayo ikikauka huganda, hutanuka na kuubangua udongo vipande. Vile vilivyopakwa rangi ya kung'aa vyaweza kuwa na risasi katika rangi hiyo. Mbao nazo, hasa za mikoko, hutoa rangi kama ya chai, na maji yakachafuka.

Saruji ina hadithi yake. Katika nyumba kongwe za Lamu kulikuwa na birika la maji lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa, na humo walitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika palitiwa bakuli la kauri, ili birika likikaushwa kuoshwa samaki wapate pa kujihifadhi. Wazee wetu walikuwa na wataalamu bila vyeti! Nitahadharishe tu kwamba birika la zamani lililooshwa na maji ya miaka si sawa na tangi la saruji lililojengwa juzi. Saruji mpya hutoa chokaa kali na kuyafanya maji yawe na ukali wa alkali kupita kiasi. Inahitaji kujazwa na kumwagwa kwa wiki nyingi, maji yakipimwa, mpaka itulie. Kwa chama cha shule chenye haraka ya Kongamano la Sayansi, hiyo si njia.

Basi tumefika kwa plastiki, na hapa pana maneno.

Kwanza, plastiki si kitu kimoja. Geuza chombo utazame chini. Utaona pembetatu yenye namba, kuanzia 1 hadi 7. Utaratibu huo ulianzishwa Marekani mwaka 1988 ili kusaidia kuchambua taka za plastiki. Namba 2 ni polithini nzito, ile ya mitungi ya lita 20 na mapipa ya buluu. Namba 5 ni polipropilini, ya ndoo na mabeseni mengi yenye vifuniko. Hizo mbili ndizo bora kwa kazi yetu: ni ngumu, haziliwi na chumvi, na hazitoi mengi majini. Namba 1 ni ya chupa za maji na soda. Si mbaya, ila ni nyembamba. Namba 4 ni polithini laini, nayo yafaa. Namba 3 ni PVC. Ikiwa ngumu, kama mabomba ya maji ya kunywa, haina tatizo, lakini ikiwa laini, kama mpira wa kumwagilia bustani, imetiwa dawa za kuilainisha ambazo hutoka polepole. Usihamishe maji ya samaki kwa mpira wa bustani uliolala juani. Hata wewe ukinywa maji yake utaisikia ladha. Namba 6 huvunjika upesi. Namba 7 ni mkusanyiko wa kila kilichobaki, kwa hivyo haikuambii kitu.

Pili, na hili naomba ulishike, namba hiyo inasema plastiki ni ya ukoo gani tu. Haisemi kwamba chombo ni salama kwa chakula. Alama ya chakula ni nyingine: picha ya bilauri na uma. Beseni jeusi la wajenzi laweza kuwa na namba 5 na likawa limefinyangwa kwa plastiki kuukuu za kila aina, na rangi yake hakuna aijuaye.

Tatu, ndiyo ile methali yangu. Hata plastiki ya namba 2 iliyo bora kabisa ina kumbukumbu. Kioo husahau, plastiki haisahau. Hunywa harufu, mafuta na dawa ndani ya ngozi yake, kisha huzitoa taratibu siku nyingine ukiwa umeshaitia maji yako.

Mwaka jana jambo hili lilizua mjadala mkali katika chama chetu. Mzazi mmoja mwema alituletea pipa la buluu la lita 200 na ushei, bure. Pipa lenyewe lilikuwa zuri, nene, lina kifuniko na pete ya kulikaza, na chini limeandikwa namba 2. Tulikuwa hatuna pesa ya kununua jingine, masika yalikuwa mlangoni, na wenzangu walishangilia. Kibandiko chake kilikuwa kimebanduliwa. Hakuna aliyejua lilikuwa na nini. Wengine walisema, "Si tulioshe kwa sabuni ya unga tu!" Wengine wakasema harufu imekwisha. Mimi na wenzangu wawili tulisema hapana. Mapipa ya aina ile ile, ya kiwanda kile kile, hubeba siki, maji ya matunda, sabuni ya maji, tindikali na dawa za kuulia wadudu. Kwa macho yote ni mapacha. Tulimwomba mlezi wetu ruhusa ya kulijaribu kwanza.

Tulitia maji ya moto kama lita 20, tukalifunga, tukaliviringisha, tukaliacha usiku kucha. Asubuhi tulifungua na kunusa kwa kupepea hewa kwa mkono, kama tunavyofundishwa maabarani, si kwa kuingiza kichwa. Harufu kali ilitupokea. Tulichukua maji yale katika chupa na kuyatikisa, na povu likakaa juu muda mrefu bila kuvunjika. Maji safi hutoa mapovu yanayopasuka mara moja. Tukarudia mara tatu, siku tatu, na povu halikuisha. Mlezi aliamua pipa lisitumike. Sasa limetobolewa matundu chini na ni la taka, karibu na jiko la shule. Wapo waliokasirika, nami sikuwalaumu. Pipa la bure si jambo dogo kwa shule yetu ya kutwa. Lakini kilichobaki katika ukuta wa pipa hakijui kama lilinunuliwa au lilitolewa sadaka.

Jioni ile nilipofika nyumbani nililitazama pipa letu la maji ya kunywa kwa jicho jingine. Nyumba nyingi za Mombasa zina pipa, kwa sababu maji ya mfereji huja yakipenda. Nilimuuliza mama alilinunua wapi. Aliniambia lilitoka kwa muuza achari, na kwamba kwa wiki nzima lilinuka siki. Nilipumua. Siki haina neno, husuuzika. Hata hivyo najua jirani ambaye hawezi kulijibu swali hilo, na pipa lake ndilo watoto wanalochotea. Tukiulizana haya kwa ajili ya kamba watatu, mbona tusiulizane kwa ajili ya watoto?

Chombo chenye historia inayojulikana na nzuri, kwa mfano ndoo ya asali, ya siki au ya juisi, chafaa kikioshwa kwa maji ya moto bila sabuni. Mtungi wa mafuta ya kupikia ni kisa kingine. Mafuta hayaui kwa sumu, lakini hutanda juu ya maji kama kitambaa chembamba na kuzuia hewa isiingie. Ni vigumu kuyamaliza bila sabuni, na sabuni nayo ni adui. Kuuacha ni afadhali. Chombo kipya cha dukani pia kisuuzwe mara kadhaa na kulazwa na maji siku moja au mbili, kwani kiwandani hupakwa vitu vya kukitoa kwenye kalibu. Gamba jeupe la chokaa huondoka kwa siki. Na chombo kikishateuliwa, kisitoke kazini. Sisi mitungi yetu miwili na pipa dogo jipya, lililonunuliwa kwa michango, tumeviandika kwa rangi ya nje: BAHARI TU. Mtu akitaka kupigia deki darasa kwa ndoo yetu anasoma kwanza.

Wanachama wa Kiswahili mtanisamehe, nitoke njiani kidogo. Lugha yetu ina maneno mengi ya vitu hivi kuliko tunavyotumia: mtungi, kuzi, kasiki, balasi, dumu, pipa, debe, buyu, karai, beseni. Zamani kila moja lilikuwa na umbo lake na kazi yake. Siku hizi vingi tunaviita mtungi, hata kile cha plastiki ya manjano. Na neno chombo lenyewe ni jahazi vilevile. Jahazi huzuia maji yasiingie na pipa huzuia yasitoke, lakini vyote viwili vikivuja ni msiba.

Turudi. Umbo la chombo lina maana. Cha kubebea kiwe na mdomo mwembamba ili maji yasimwagike ndani ya matatu na kuleta ugomvi na utingo. Cha kuchanganyia kiwe na mdomo mpana ili mkono uingie, uoshe na kukoroga. Ukubwa nao una maana, tena hesabu ya kidato cha tatu yatosha kuonyesha. Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 huchukua lita moja, na kuta zake zote pamoja ni sentimita mraba 600. Wenye upande wa sentimita 20 huchukua lita 8, na kuta zake ni 2400, yaani 300 kwa kila lita. Kwa hivyo katika chombo kidogo kila lita ya maji hugusana na ukuta mwingi zaidi. Ukuta ukiwa mbaya, kidogo ndicho kibaya zaidi.

Usisahau uzito. Lita moja ya maji ya bahari ni kilo 1.025. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20.5 bila mtungi wenyewe. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 56 na kimo cha sentimita 85 huchukua lita 209, na likijaa ni kilo 214, zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Hilo haliwekwi juu ya dawati. Liweke sakafuni mahali pake pa kudumu kabla ya kulijaza, maana baadaye hakuna wa kulisogeza.

Katika kuchanganya, maji hutangulia na chumvi hufuata. Ukitanguliza chumvi na kuimwagia maji, mwanzoni huwa nzito mno, kalsiamu hujitenga na kuganda kama maziwa yaliyokatika, na haiyeyuki tena. Lita 20 huhitaji gramu 700 hadi 800, kutegemea aina ya chumvi. Fuata maandishi ya pakiti, kisha pima kwa haidromita ukilenga 1.025. Chumvi ya mezani, hata hii yetu inayotoka Gongoni na Marereni, haitoshi. Hiyo karibu yote ni kloridi ya sodiamu iliyotiwa ayodini, na samaki wanahitaji magnesi na kalsiamu pia. Maji ya mfereji yaachwe kwanza siku nzima yakipuliziwa hewa ili klorini itoke. Maji ya mkokoteni yana swali la ziada: yalikuwa katika mtungi wa nani kabla ya kufika kwako? Koroga kwa kipande cha bomba gumu la plastiki, si kwa mwiko wa jikoni wenye mafuta ya sambusa. Acha maji yazunguke saa 24 ndipo yaingie hodhini. Usichanganye ndani ya hodhi lenye samaki hata siku moja.

Kuhifadhi ni kazi nyepesi kukiwa na kivuli na kifuniko. Jua hulifanya pipa kuwa gumu likapasuka, na mwanga huotesha ukoga wa kijani, kwa hivyo chombo cheusi au cha buluu hushinda cheupe. Kifuniko huzuia vumbi, na mbu pia. Msidhani mbu hukimbia chumvi. Hapa pwani yupo mbu wa malaria, Anopheles merus, ambaye hutaga katika maji yenye chumvi. Wakati wa kujaza, chora mstari kwa kalamu mahali maji yalipofikia. Yakishuka chini ya mstari ni maji matupu yaliyopaa, kwa hivyo ongeza maji matamu mpaka mstarini, si ya bahari. Ukiongeza ya bahari, chumvi itazidi kila juma.

Nikiandika haya, mtungi wa pili una siku tisa kivulini nyuma ya maabara. Ijumaa ni zamu ya kidato cha pili kubadilisha maji. Haidromita iko katika sanduku la chini, na mfereji wa plastiki wafungwa kwa kuzungusha upande wa kushoto, kinyume na mingine.